Gari la Spoti Kulala Miezi Mitano

Oktoba inapokaribia kwisha, mitaa ya Stuttgart hupungukiwa na mngurumo. Porsche, Mazda MX-5 na BMW Z4 zilizokuwa zikipita na paa wazi kiangazi kizima hutoweka moja baada ya nyingine. Wenyewe hawajaziuza. Ukingoni mwa kibao cha namba, upande wa kulia, mengi ya magari hayo yana tarakimu mbili zilizopandana: 04 juu, 10 chini. Maana yake gari lina ruhusa ya barabara kuanzia mwanzo wa Aprili hadi mwisho wa Oktoba. Ikiingia Novemba mosi, hata kuliegesha kando ya barabara ya umma ni kosa.

Ujerumani ilianza kutoa namba hizi za msimu mwaka 1997. Mwenye gari huchagua muda wa miezi 2 hadi 11, kisha hulipia kodi na bima miezi hiyo tu. Tanzania ilifika karibu na hapo kwa njia nyingine: ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo gari lisilotembea halidaiwi ada hiyo. Ila nyumbani gari halina sababu ya kulala. Masika yakija, mtu hununua waipa mpya, hutazama matairi kama yamekwisha, na safari inaendelea.

Anayetoka Dar es Salaam au Nairobi akanunua gari lake la kwanza la spoti huko Ulaya hukutana na tofauti hiyo kwanza kwenye rejeta. Madereva wengi wa kwetu hubeba dumu la maji kwenye buti, na injini ikichemka njiani maji ya bomba ndiyo dawa. Yanapoza kweli, ingawa yanaacha kutu na magadi ndani ya mifereji ya injini. Kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, maji hayohayo huganda usiku, hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chuma cha injini hupasuka. Ndiyo maana kabla ya baridi fundi wa Kijerumani huchovya kipimo kwenye rejeta kuona kama kulanti inatosha. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu kulanti hauanzi kuganda mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Maji ya kuoshea kioo nayo hubadilishwa, maana yakiganda hupasua tangi lake na mabomba.

Kisha yanakuja matairi, na hapa ndipo gari la spoti linapotofautiana kabisa na gari la kawaida. Magari haya hutoka kiwandani na matairi mapana ya kiangazi, yenye mpira ulioundwa kunata kwenye lami yenye joto. Joto la hewa likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira huo huanza kukakamaa na breki huhitaji umbali mrefu zaidi hata kama hakuna theluji yoyote. Chevrolet huwaonya wenye Corvette wasiyatumie matairi ya kiangazi chini ya nyuzi 7 hasi, kwa sababu uso wake unaweza kupata nyufa. Gari lenye nguvu nyingi, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, likiwa juu ya mpira uliokakamaa, linaweza kuteleza kwenye mzunguko wa barabara kwa mwendo mdogo tu.

Sheria ya Ujerumani haitaji tarehe. Inataja hali: kukiwa na barafu, theluji au tope la theluji, lazima gari liwe na matairi ya baridi yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Matairi ya zamani yenye herufi za M+S peke yake yalivumiliwa hadi mwisho wa Septemba 2024. Anayekamatwa bila matairi hayo hutozwa euro 60 na kuandikiwa pointi moja ya adhabu. Wananchi wenyewe wana kanuni nyepesi ya kukumbuka: kutoka Oktoba hadi Pasaka. Kwa gari la spoti kuna nyongeza ambayo wageni wengi hawaijui. Tairi la baridi likiwa na kikomo cha mwendo kilicho chini ya uwezo wa gari, lazima kikomo hicho kiandikwe kwenye kibandiko ambacho dereva anakiona.

Wengi hupiga hesabu ya rimu nyingine na matairi manne mapya, wakaona heri gari lipumzike.

Kulilaza gari ni kazi ya siku nzima. Huoshwa juu na chini, likaachwa likauke kabisa. Tangi hujazwa mafuta ili pasibaki nafasi ya hewa yenye unyevu. Upepo wa matairi huongezwa ili yasipate ubapa upande ulioegemea sakafu. Breki ya mkono haivutwi, kwa kuwa inaweza kugandamana na kutu; gari huwekwa gia na kuzuiwa kwa kabari. Mipira ya milango hupakwa mafuta, na Wajerumani wengi bado hutumia mafuta ya kulungu. Betri huunganishwa na chaja ndogo inayoitunza taratibu, maana king'ora na kompyuta za gari huinyonya hata gari likiwa limezimwa. Kwenye Porsche 911 ya aina ya 997, betri iko chini ya boneti ya mbele, na boneti hiyo hufunguka kwa umeme. Betri ikifa, mwenye gari hulazimika kuivutia umeme kupitia kisanduku cha fyuzi ndipo aifikie.

Jambo moja linastahili kusemwa kwa sauti, kwa sababu ndugu zetu wengi walioko ughaibuni huacha magari nyumbani na kuagiza yawashwe dakika tano kila wiki. Dakika tano hazipashi injini moto. Unyevu unaotokana na kuungua kwa mafuta hubaki kwenye oili na ndani ya egzosi, na kutu huanzia humo. Gari ama litembezwe mpaka lipate moto vizuri, ama liachwe kwenye chaja lilale.

Adui mkubwa wa yote, hata hivyo, ni chumvi. Manispaa za Ulaya na za majimbo ya kaskazini ya Marekani humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na maji hayo hurukia kila kona ya uvungu wa gari. Mfano mzuri ni Datsun 240Z. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 likiwa na Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda. Lilipita kwenye tope, mawe na vumbi jekundu vya Afrika Mashariki likafika. Lakini 240Z nyingi zilizouzwa Marekani na Ulaya ziliishia kuliwa na kutu sakafuni na kwenye fremu. Mabati yaliyostahimili mashimo yetu hayakuweza kustahimili chumvi.

Wakazi wa Mombasa, Tanga na Unguja wanaijua kutu hii bila kuona theluji, maana upepo wa bahari huwaletea chumvi mwaka mzima. Vijana wanaoosha magari pwani hung'arisha boneti na rimu kwa ustadi mkubwa, lakini uvungu hauguswi mpaka mteja aombe. Ni vizuri aombe, hasa kama gari lake ni la chini na la thamani.

Baridi ya mbali hufika nyumbani pia, ndani ya meli. Subaru Impreza na magari mengine ya mwendo yanayopendwa Nairobi na Arusha hutoka Japani yakiwa yametumika, na baadhi yalitembea Hokkaido, kwenye theluji na dawa za kuyeyushia barafu. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, lakini miaka hiyo inatosha kabisa kwa chumvi kufanya kazi yake. Karatasi ya mnada ya Japani huandika kutu ya chini ya gari. Mnunuzi amwombe wakala aisome yote, si alama ya jumla tu. Gari likishafika, linyanyuliwe gereji kabla ya pesa kumalizwa kulipwa. Fundi aangalie mabomba ya breki, maungio ya egzosi na sehemu shokapu zinapofungwa, na akikuta uvungu umepakwa rangi nyeusi mpya, agongegonge kwa bisibisi asikie kama chini yake bado kuna chuma kigumu.