Bustani ya Wajapani mjini Hasselt

Mwaka 1941 Ubelgiji na Japani zilikuwa maadui vitani. Lakini tazameni: mjini Hasselt, katika Ubelgiji, iko bustani ya Kijapani yenye hekta 2.5, iliyofunguliwa mwaka 1992. Ni tunda la udugu wa Hasselt na mji wa Itami wa Japani, ulioanza mwaka 1985.

Mgeni hupita polepole kando ya ziwa, kati ya mawe na maporomoko ya maji. Siku za maonyesho huona jinsi Wajapani wanavyopanga maua na kuandaa chai: kikombe hupokewa kwa mikono miwili, wala hakuna haraka. Watu wa Hasselt nao waliwapelekea wenzao kengele za mnara. Basi, anayekuonyesha mila zake kwa heshima, wawezaje kumwita adui tena?