Mgeni wetu kutoka Japani, sehemu ya 3: Loshoro, Duluti na maji ya mlima

Nimetoka zamu, watoto wamelala, tuendelee.

Kwa mliojiunga leo: hapa kwetu upande wa Tengeru tunaishi na mwanafunzi kutoka Japani, binti wa miaka 20, amekuja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Leo ni zamu ya chakula na matembezi. Ndani yake kuna jambo la afya ambalo naomba kila mama anayeishi huku mlimani asome mpaka mwisho.

Swali lenu la kwanza: anakula nini? Jamani, anakula tunachokula. Nilidhani wali ndio utamwokoa, kumbe aliyemwokoa ni dagaa. Jumamosi tulienda naye gulio la Tengeru, akasimama mbele ya fungu la dagaa kama amekutana na ndugu yake. Kwao wana samaki wadogo waliokaushwa hivyo hivyo, wanawachemsha kupata mchuzi wa supu. Basi jioni hiyo yeye ndiye alipika, na watoto wangu wanaokwepa dagaa kila siku walimaliza sufuria.

Loshoro bibi alimwandalia mwenyewe. Kwa msiojua, ni mahindi yaliyokobolewa, yakachemshwa hadi yakaiva vizuri, yakachanganywa na maziwa mgando. Alionja, akanyamaza kidogo, akaomba kijiko cha pili. Mtori nao ulimfurahisha. Nilimweleza kwamba huku mama aliyejifungua hupewa mtori apate nguvu, akasema kwao mgonjwa hupikiwa uji wa wali laini, unaitwa okayu. Nchi mbili mbali hivyo, na jiko la mgonjwa linafanana.

Kabla ya kula huwa anaunganisha viganja na kusema "itadakimasu", yaani napokea kwa unyenyekevu. Sasa meza nzima inasema. Na mama zangu, hili liibeni: kwao, katika shule nyingi za msingi, watoto wenyewe ndio huwagawia wenzao chakula cha mchana, kwa zamu, wamevaa aproni nyeupe, na darasa wanasafisha wao. Mwanangu wa miaka 8 sasa ana zamu ya kupakua Jumanne na Ijumaa. Anamwaga, ndiyo. Anafuta mwenyewe.

Shikamoo nayo aliishika haraka, ila anaitoa huku akiinama mpaka kiunoni. Bibi anasema hajawahi kuamkiwa vizuri namna ile na mjukuu yeyote wa nyumba hii. Ujumbe umefika.

Matembezi tulianzia karibu. Ziwa Duluti lipo hapo tu, ziwa la kreta, msitu umelizunguka, unatembea kwa miguu kulizunguka lote ukisikia ndege. Watoto wangapi wa Arusha hawajawahi kufika hapo, na wageni wanatoka ng'ambo kulifuata? Tulipita pia kwenye makaburi ya Wapoland. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Tengeru palikuwa na kambi ya wakimbizi wapatao 5,000 kutoka Poland, wengi akina mama na watoto. Mgeni wetu alisimama pale kimya muda mrefu.

Sasa sikilizeni. Safari ya Duluti tuliongozana na binti wa jirani, ana miaka 11, mchangamfu kweli. (Mama yake ameniruhusu kuandika, bila jina.) Mgeni alipiga picha nyingi. Jioni alinionyesha kwenye simu: katika kila picha, binti yule amefunika mdomo kwa kiganja. Akaniuliza taratibu, "Mama, ni adabu ya hapa?" Kwao wanawake wengine hufunika mdomo wanapocheka, akadhani tunafanana hata hapo.

Hapana. Siyo adabu. Ni meno.

Wenyeji mnaelewa. Meno yana madoa ya kahawia, mengine yana vishimo. Shuleni wenzake waliotoka mikoa mingine wanamwambia hapigi mswaki, na binti yule anapiga mara mbili kwa siku. Mama yake naye alikuwa anamgombeza, eti asugue vizuri. Mtoto amesugua hadi fizi zinatoa damu.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha, tukambeba na binti yule na mama yake. Mtanzania halipi kama mgeni, kiingilio chetu ni kidogo mno ukilinganisha na chao, kwa hiyo pangeni mwende. Tuliona twiga, tukaona mbega wanaruka na mikia yao meupe, tukachungulia kreta ya Ngurdoto kutoka ukingoni, maana chini haturuhusiwi kushuka. Kisha maziwa ya Momella, na heroe, wale ndege wa pinki. Mlima Meru ulikuwa wazi. Mgeni akatuambia Fuji ya kwao ina mita 3,776. Meru ina mita 4,566! Watoto walishangilia kama wamefunga goli. Yote miwili ni volkano: Fuji ililipuka mara ya mwisho mwaka 1707, Meru wetu mwaka 1910.

Pale Momella ndipo nilipomkalisha mama mwenzangu nikamweleza. Mlima huu ndio uliotupa udongo mweusi, ndizi, kahawa na mboga. Mlima huo huo umeweka madini ya floraidi kwenye maji yetu. Maji yanapopita kwenye mawe na majivu ya volkano yanayabeba. Maziwa yale ya Momella yamejaa floraidi, na visima na chemchemi nyingi kuzunguka Meru zina zaidi ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Kidogo kinalinda jino. Kikizidi, kwa mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya ufizi, kinaharibu ganda la jino kabla halijaota. Kikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa inaumia.

Kwa hiyo yale madoa siyo uchafu. Hayatoki kwa mswaki, wala kwa majivu, wala kwa ndimu. Ndimu inamaliza ganda lililobaki. Daktari wa meno anaweza kuyapunguza au kuyafunika.

Mama yule alikaa kimya, akamtazama binti yake anayekimbizana na wangu. Kisha akamtazama aliyekuwa mgongoni, mwaka mmoja na nusu. Akaniuliza, "Na huyu?"

Huyu bado tuna muda, wapendwa. Meno ya ukubwani hujengwa zaidi kuanzia kuzaliwa mpaka kama miaka 8. Ndiyo maana naandika usiku huu.

Fanyeni haya:

1. Nyonyesha miezi 6 bila kumpa mtoto maji. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata kama wewe unakunywa maji haya.

2. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, endelea kuchemsha. Lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi inabaki pale pale, na kiwango kinapanda.

3. Kinga maji ya mvua. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha jaza simtanki. Yatenge kwa kunywa na kupikia watoto, ya kisima yafue na kuogea. Ya mvua nayo yachemshwe.

4. Acha magadi kwenye makande ya watoto. Magadi yana floraidi nyingi. Loweka maharage usiku kucha, yataiva.

5. Uliza chanzo chenu kina kiwango gani. Mjini waulize AUWSA, vijijini RUWASA. Chemchemi mbili za jirani zinaweza kutofautiana kabisa, usikisie kwa ladha wala kwa weupe wa maji.

6. Kuna vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyopunguza floraidi, na kituo cha Ngurdoto kimefanyia kazi teknolojia hiyo. Mkaa huo huchoka, lazima ubadilishwe.

7. Dawa ya meno iwe kidogo: chini ya miaka 3 kama punje ya mchele, miaka 3 hadi 6 kama punje ya njegere. Mfundishe kutema.

Mume wa jirani alifunga mfereji wa bati wiki hiyo hiyo. Binti wetu wa miaka 11 ana miadi na daktari wa meno mwezi ujao, na mama yake ameacha kumgombeza. Nilimsikia akimwambia, "Siyo wewe mwanangu, ni maji." Maneno matano hayo, jamani, mtoto alikuwa ameyasubiri miaka.

Mgeni yeye Jumapili hii anataka kupelekwa Chemka, kule Kikuletwa, kwa sababu amesikia inaitwa maji moto na kwao kuoga maji ya moto ya volkano ni starehe kubwa. Nimeshamwambia ni uvuguvugu tu. Hajaniamini. Sehemu ya 4 nitawaletea yaliyompata, pamoja na usalama wa watoto majini.

Kama una mtoto chini ya miaka 8 na unaishi kuzunguka Meru, kesho asubuhi anza na namba 5. Usiku mwema.