Kiumbe Kidogo, Dhamana Kubwa

Msomaji, kufuga ni kuchukua dhamana. Mnyama wa porini hujitafutia riziki yake, lakini mnyama aliyefungiwa hana wa kumtegemea ila yule aliyemfungia. Jambo hili nilifundishwa na kiumbe asiyezidi urefu wa kidole cha mtu: kamba mdogo wa maji baridi.

Mwaka 2010 nilikuwa mwanafunzi nchini Ujerumani. Baridi ilikuwa kali, na upweke ulikuwa mkali kuliko baridi. Nikaazimia kufuga kitu chenye uhai. Kwa kuwa mfuko wangu ulikuwa mwepesi, nilitaka mnyama wa bei nafuu, mwenye kula kidogo, asiyewaudhi majirani kwa kelele.

Jirani mmoja, mzee mwema, akaniletea kamba sita katika ndoo, bure. Walikuwa na mabaka kama marumaru. Akanieleza kwa furaha kwamba jike wa aina ile hahitaji dume: hutaga peke yake, na watoto wake wote huwa majike. Maneno yake yalikuwa kweli. Wataalamu waliyathibitisha mwaka 2003. Mtu mwingine angaliona amepata bahati. Mimi niliingiwa na hofu.

Hofu ile ilitoka Naivasha, alikokuwa akivua mjomba wangu. Mwaka 1970 kamba wekundu, ambao asili yao ni Marekani, walitiwa katika ziwa lile ili wavuliwe na kuuzwa. Biashara ilipatikana, lakini kamba waliigeukia mimea ya majini, na miaka ya 1980 ilipoanza, mayungiyungi yaliyolipamba ziwa yalikuwa karibu kutoweka. Mjomba alisimulia jinsi alivyovuta nyavu alfajiri, akakuta samaki wake wamekwisha tafunwa. Ikiwa wale ambao dume na jike hawana budi kukutana walifanya hayo, je, yule ambaye mmoja wake anatosha kuanzisha kizazi?

Nilimrudishia mzee ndoo yake kwa shukrani, na kwa haya pia, maana kwetu zawadi haikataliwi. Kisha nikanunua kamba kibeti wa rangi ya chungwa, ambao asili yao ni Ziwa Pátzcuaro nchini Mexico. Nilichagua dume mmoja na majike watatu. Ukitaka kuwatambua, tazama chini ya mkia: dume ana vijiguu vigumu vilivyolala kuelekea kifuani, jike hana.

Niliwapa tangi la kioo la lita 40, changarawe, majani ya majini, na vigae vya chungu viwe maficho yao. Maji ya bomba niliyaacha ndooni siku nzima ili dawa yake ipungue. Nilijihadhari na shaba, kwa kuwa ni sumu kwao.

Asubuhi moja nilimkuta mmoja amelala chali, mweupe, hana uhai. Nikamtoa kwa huzuni, nikamtupa. Jioni nikahesabu: wote wanne wamo! Nilichokitupa kilikuwa gamba tupu. Kamba hukua kwa kujivua gamba, kisha hujificha mpaka jipya ligumu, na lile la zamani hulila ili kurudisha chokaa mwilini. Nilikuwa nimemlilia aliye hai na kumnyang'anya chakula chake. Tangu siku hiyo sikuondoa kitu tangini kabla ya kuuliza kazi yake.

Baadaye jike mmoja alibeba mayai chini ya mkia wake, akiyapepea usiku na mchana. Baada ya majuma yapata manne walitoka watoto, wadogo kama punje za ufuta, kila mmoja na magando yake, sura moja na mama yao. Nilihesabu 27. Chumba changu hakikuwa tena na upweke.

Mwaka 2012 masomo yakaisha, na kamba hawakuweza kusafiri nami. Karibu na nyumba palikuwa na kijito. Usiku mmoja nilisimama ukingoni, kopo mkononi. Kumimina ni kazi ya dakika moja, na hapana jicho lililoniona. Pengine baridi ingaliwaua wote. Lakini kamba wa Amerika huweza kuchukua ugonjwa unaowaangamiza kamba wenyeji wa Ulaya, na kijito kile hakikuwa changu. Nikamkumbuka mjomba na nyavu zake. Nikarudi na kopo langu, na kwa siku tatu nilizunguka mji mpaka kila kamba akapata mfugaji.

Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kufuga na kuuza wale kamba wa mabaka.

Basi, msomaji, ukitaka kufuga, usiulize bei tu. Uliza mnyama atakula nini, atazaa wangapi, na siku ya kuagana utamkabidhi nani. Majuto ni mjukuu, na mara nyingine mjukuu huyo huzaliwa katika ziwa la watu wengine.