Bangkok kwa Mfuko Mwepesi

Barabara ya kwanza ya kisasa mjini Bangkok, Charoen Krung, ilianza kujengwa mwaka 1862 kwa sababu ya farasi. Mabalozi wadogo wa Ulaya walimlalamikia Mfalme Mongkut kwamba hawana mahali pa kupanda farasi na kunyoosha viungo jioni, na kwamba kukaa bila mazoezi kunawatia maradhi. Kabla ya hapo watu wa Bangkok walikwenda kwa maji. Mifereji ndiyo iliyokuwa mitaa yao, na mtumbwi ndio uliokuwa mguu. Baada ya farasi yakaja magari, mifereji mingi ikafukiwa, na mwenda kwa miguu akabakiziwa kipande cha saruji kando, mara nyingi kisichotosha watu wawili kupishana. Kipande hicho anakigawana na nguzo za umeme, mizizi ya miti, pikipiki zilizochoka kungoja foleni, na sufuria za watu wanaopika.

Ijumaa moja niliamua kukifuata kipande hicho tangu alfajiri mpaka magharibi, kutoka Banglamphu, mtaa wa hosteli za bei ya chini, hadi bustani ya Lumphini upande wa pili wa mji. Ni kilomita kama kumi kwa mtu anayezungukazunguka. Nilikuwa na begi la mgongoni, kitanda cha juu katika bweni la watu wengi, na fedha ya kuhesabu. Tiketi ya kuingia kasri la kifalme ni baht 500, na hizo zilikuwa matumizi yangu ya siku nzima, chakula na malazi. Kasri nililiona kutokea nje, paa lake la vigae likimeta juu ya ukuta mweupe, nikaendelea na safari.

Mwenye fedha hupita juu ya Bangkok kwa treni ya angani yenye kiyoyozi. Asiye nazo hupita mikononi mwa watu. Hili nilikuwa nalijua kama maneno. Siku ile nililijua kwa kiu na kwa njaa. Maji niliyachota kwenye mashine iliyosimama ukutani katika kichochoro: unatumbukiza sarafu ya baht moja, unakinga chupa, inakupa kama lita moja ya maji yaliyochujwa. Wakazi huja na madumu. Kijana aliyenitangulia aliniona nikihangaika na vitufe, akanibonyezea, akanishikia chupa isimwagike, kisha akaubeba mzigo wake na kwenda. Hatukuwa na lugha ya kushukuriana zaidi ya kuinamisha vichwa.

Saa kumi na mbili asubuhi watawa wa Kibuddha hupita mitaani pekupeku wakiwa na mabakuli yao. Nilimwona mama muuza wali wa kunata akiacha wateja, akavua viatu, akapiga magoti kando ya jiko lake na kumtilia mtawa chakula ndani ya bakuli. Alipokwisha kuombewa dua akasimama, akanawa, akarudi kwenye mkaa. Kuku wake wa kuchoma na fungu la wali vilinigharimu baht 40. Mtu ambaye riziki yake yote iko juu ya meza moja ya kukunja alikuwa ameanza siku kwa kutoa, na wala sikuona kwamba jambo hilo lilimpa fahari au uzito. Lilikuwa sehemu ya kufungua biashara.

Lile bakuli ndilo lililonipeleka Ban Bat. Ni kijichochoro karibu na kilima cha hekalu la Wat Saket, na masikio hufika kabla ya macho: nyundo juu ya chuma, haraka, nyepesi, kisha kimya, kisha tena. Familia chache zilizobaki pale zinafua mabakuli ya watawa kwa mkono. Niliketi kwenye kigoda nilichosogezewa bila kuomba. Bakuli moja hutengenezwa kwa vipande vinane vya chuma, kwa kuwa mafundisho ya Buddha yanataja njia yenye matawi manane. Wanaanza na ukingo wa mdomo. Kisha vipande vinapinda kuungana chini, kingo zake zimekatwa meno ili ving'ang'aniane. Maungio yanajazwa shaba ndani ya moto, na chombo kinatoka kimejaa makovu, hakina sura. Hapo ndipo anapoingia mgongaji. Mzee niliyemtazama alikuwa amelivisha bakuli juu ya fuawe, mti wa chuma uliosimikwa ardhini, akiligeuza kwa mkono wa kushoto nusu kidole kwa kila pigo. Hakuwa na kipimo chochote. Alikuwa akisikiliza. Mahali chuma kilipokuwa bado kinene sauti ilikuwa butu, naye alirudia hapo hapo mpaka ikalingana na kwingine. Karibu yake mwanamke mmoja alisugua ukingo kwa tupa, na vumbi la chuma lilikuwa limemganda kwenye mikunjo ya vidole.

Kazi hiyo huchukua siku kadhaa na hupita mikono ya watu kadhaa. Mabakuli ya kiwandani yamejaa sokoni kwa bei ndogo, na wanunuzi wengi wa Ban Bat sasa ni wageni wanaotaka kitu cha kuweka kabatini. Bei ya bakuli dogo ilivuka baht elfu moja. Sisi tuliozoea masoko ya kwetu, neno "punguza" hutoka kabla hata ya salamu, na msafiri wa bei nafuu hulifanya kuwa ibada: usiku kule bwenini watu hushindana nani kalipa kidogo zaidi. Pale kwenye kigoda nilitazama kucha za yule mwanamke, nikahesabu siku na watu, na neno lile likakosa pa kupitia. Sikuwa na uwezo wa kununua, na nilisema hivyo kwa ishara ya mfuko. Mzee akacheka, akanipa bakuli lililokamilika nilishike, akaligonga kwa kifundo cha kidole. Lililia kwa muda mrefu.

Tangu hapo kila bei niliyoambiwa niliisikia tofauti. Tunaposema kitu ni rahisi, mara nyingi maana yake ni kwamba kuna mtu kati yetu na kitu hicho ambaye amelipwa kidogo. Msafiri mwenye mfuko mwepesi hawezi kulikwepa hilo, kwa sababu uzima wake wote wa siku unasimama juu ya watu hao. Anaishi kwa unafuu wao. Nami nasema wazi kwamba umaskini wangu wa siku ile ulikuwa wa kuchagua. Nilikuwa na pasipoti mfukoni, kadi ya manjano ya chanjo iliyokaguliwa uwanja wa ndege, na tiketi ya kurudi nyumbani. Kubana matumizi hakumfanyi mtu kuwa maskini, na mtu asijivunie kwamba ameyaonja maisha ya wachukuzi kwa sababu alikula walipokula.

Wachukuzi nilikutana nao Sampeng. Kichochoro hicho kina umri wa mji wenyewe: mwaka 1782, Mfalme Rama wa Kwanza alipotaka kujenga kasri, Wachina waliokuwa wakiishi mahali hapo walihamishiwa huku. Leo ni maduka ya jumla ya vitufe, riboni, shanga, vipuli na viatu, na katikati yake, mahali penye upana usiozidi mita chache, mikokoteni ya mizigo inapita bila kusimama. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, Dar es Salaam, wanaijua Bangkok, ila Bangkok yao ni Pratunam, soko la nguo. Wanashuka, wananunua, wanafunga mizigo, wanarudi. Kuna nguo nyingi zilizovaliwa harusini kwetu zilizopitia mikono ya watu kama wale waliokuwa wakinipigia kelele nisogee.

Njiani kuelekea Sampeng niliingia soko la maua la Pak Khlong Talat, na ni lazima nikae hapo kidogo. Wanawake huketi na sindano ndefu wakitunga makoja ya asumini, chipukizi baada ya chipukizi, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Makoja hayo hutundikwa kwenye vioo vya teksi na kutolewa sadaka mahekaluni, na jioni yamenyauka. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa harufu ya asumini, lakini hapa ilichanganyika na barafu, maji ya mfereji na moshi wa malori. Zamani wauzaji walikuwa wamefurika hadi barabarani. Mwaka 2016 mamlaka ya jiji iliwaondoa kwenye njia ya waenda kwa miguu, kama ilivyofanya katika mitaa mingine mingi katika miaka ile, kwa hoja ya kurudisha njia kwa wapitaji. Njia zikapanuka. Baadhi ya wauzaji wakapata nafasi ndani ya majengo kwa kodi, na wengine wakapoteza wateja waliokuwa wakisimama kwa dakika moja tu wakielekea kazini.

Hoja hiyo tunaijua vizuri. Mwishoni mwa mwaka 2021 machinga waliondolewa kando ya barabara za miji ya Tanzania, na Dar es Salaam wapo walioshangilia kwamba sasa wanaweza kutembea. Mimi ni mtembeaji, na napenda njia iliyo wazi. Lakini nilikuwa nimekunywa, nimekula na kuelekezwa njia na watu walioketi mahali ambapo kwa mujibu wa hoja hiyo hawakutakiwa kuwepo. Mtembeaji aliyeondolewa wachuuzi wote amebaki na saruji, jua, na duka lenye mlango wa kioo ambalo bei zake si za mfuko wake.

Mtaa wa Talat Noi una malundo ya injini kuukuu na gia zilizolowa grisi hadi mlangoni mwa vihekalu, na kwa muda nilijiona nimo mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Nilipita haraka. Ilikuwa inakaribia saa sita na nusu, wakati wa sala ya Ijumaa.

Msikiti wa Haroon uko katika uchochoro wa Charoen Krung, nyuma ya jengo la forodha ya kale, jirani na ubalozi wa Ufaransa. Ulianza kama msikiti wa mbao katika karne ya 19, wakati wafanyabiashara Waislamu kutoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki na Bara Hindi walipofunga vyombo vyao kwenye mto huu. Waumini wake leo ni Wathai, Wapakistani, Waarabu, na Waafrika wanaofanya biashara ya vito katika mitaa ya jirani. Mitaa hiyo, kuelekea Silom, ndiko kunakouzwa tanzanaiti na vito vingine vya kutoka kwetu, na wanunuzi wa Kithai walifurika Tunduru miaka ya 1990, mawe ya rangi yalipogunduliwa kule. Baada ya sala watu walipanga vyakula nje: wali wa biriani, supu ya ng'ombe, mikate. Mzee mmoja aliponiona nachagua kwa kuangalia bei alinishika mkono, akaniketisha kwenye jamvi na kunisogezea sahani. Nilipofungua pochi aliifunga kwa kiganja chake, akauliza nyumbani ni wapi. Nilipotaja Tanzania, kijana aliyeketi pembeni akatoa kikaratasi cheupe kilichokunjwa, akakifunua kwenye mwanga wa jua: jiwe la buluu, tanzanaiti, dogo kuliko punje ya choroko. Jiwe hilo lilitoka Mererani, mahali pekee duniani linapochimbwa, na mimi nilikuwa sijawahi kulishika nyumbani.

Lumphini nilifika miguu inawaka. Bustani ile ilitolewa kwa umma na Mfalme Rama wa Sita katika miaka ya 1920, na wenyeji wake wa kudumu ni kenge wakubwa wanaopanda kutoka ziwani na kukatiza njia ya wakimbiaji bila wasiwasi. Nilijilaza kwenye nyasi. Kuingia ni bure, vyoo vipo, vivuli vipo, na wazee wanafanya mazoezi kwa muziki bila mtu kuwauliza wamelipa nini. Saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa ukapigwa kwenye vipaza sauti, na mamia ya wakimbiaji wakasimama papo hapo, jasho likiwachuruzika, mpaka ukaisha. Nami nilisimama. Mji unaoweza kutenga eneo kubwa namna ile katikati ya ardhi ghali, na kuliacha wazi kwa tajiri na kwa mimi, umefanya uamuzi kuhusu watu wake.

Usiku nilikula karibu na Silom, meza ya kando ya barabara, wali na mchuzi wa samaki kwa baht 50. Chini ya meza palikuwa na mstari wa rangi uliochorwa kwenye saruji. Muuzaji alinionyesha kwa mguu: huku ni kwake, kule ni kwa wapitaji, na maafisa wa jiji huja kukagua. Kila mteja alipovuta kiti kikatoka nje ya mstari, alikirudisha kwa upole na kuendelea kupakua. Upande wake zilitosha meza tatu, na upande wa pili mama mwenye mtoto mgongoni na mtu wa kiti cha magurudumu walipishana bila kuombana radhi. Niliupima mstari ule kwa hatua zangu kabla ya kuondoka. Kuchora mwingine kama huo kwetu, Kariakoo, Mwenge au Mbagala, kunahitaji ndoo ya rangi, na maafisa walio tayari kukaa na wachuuzi na wapitaji kukubaliana upite wapi kabla brashi haijagusa saruji.