Punda ni wa Mama

Kuna methali mbili ambazo sisi wanawake tumezisikia tangu utotoni. Moja husema, asante ya punda ni mateke. Nyingine husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Septemba 2024 tulitembea siku mbili nyuma ya punda, na tuliporudi nyumbani ni ile ya pili iliyobaki mioyoni mwetu.

Tulikuwa marafiki saba wa Moshi, sote tumeolewa na tuna watoto. Tulipanda gari hadi Boma Ng'ombe, tukapita Sanya Juu na Engare Nairobi, tukafika kwa rafiki yetu wa Kimaasai katika nchi kavu ya upande wa Longido. Mama mwenzetu ambaye hujafika huko, ungeshangaa. Mlima ni uleule, lakini pepo zitokazo Bahari ya Hindi humwaga mvua nyingi upande wa kusini, kwetu kwenye migomba na kahawa. Upande ule mwingine ni mawe meusi ya volkano, miiba na vumbi.

Asubuhi tuliwafuata punda kwenda kuchota maji. Hatukuwapanda, maana huku kwetu punda ni wa mzigo. Rafiki yetu alitufundisha kupakia. Kwanza hutandikwa ngozi nene mgongoni ili kamba isimchune. Kisha dumu la lita 20 hufungwa kila upande, na uzito lazima ulingane, la sivyo punda huelemea upande mmoja na kupata vidonda. Kwenye mawe hatukuwaharakisha. Punda huchagua mwenyewe pa kuweka kwato, na akikataa kwenda, huenda ameona hatari ambayo sisi hatujaiona. Tulimkumbuka punda wa Balaamu, aliyepigwa mara tatu, kumbe alikuwa akimwokoa bwana wake.

Kwenda tulitumia saa mbili, na kurudi saa tatu. Kila punda alibeba kilo 40 za maji. Sisi tuliokulia Kibosho, Machame na Marangu tunajua kubeba mikungu ya ndizi kwenda sokoni na majani ya ng'ombe kutoka tambarare. Shingo zetu zilifanya hesabu zenyewe.

Njiani rafiki yetu alitusimulia kwamba zamani alikuwa na punda wanne. Miaka ile ngozi za punda zilipotafutwa sana, ili zichemshwe na kutengenezwa dawa ya Kichina iitwayo ejiao, wezi walimchukulia wawili usiku mmoja. Serikali yetu ilipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana mjini Addis Ababa kuizuia biashara hiyo barani kote. Tunashukuru. Lakini aliyeibiwa harudishiwi upesi, kwani punda jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 12 hivi, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Katika miaka ya kungoja, mama huyu alibeba maji mgongoni, na binti yake mkubwa alikosa shule siku za maji. Sasa anao watatu.

Jioni ile tulikuta jambo jingine. Mtoto wao wa kiume alikuwa anakwenda shule ya bweni, na godoro, sanduku na sare vilikuwa havijanunuliwa. Jirani alitaka kununua punda mmoja. Mzee alituambia bila ubaya wowote, "Punda ni wa mama, lakini boma ni langu."

Rafiki yetu hakugombana. Alimmiminia chai, akasema, "Baba watoto, kesho twende wote majini. Ukirudi, uamue."

Akaenda. Kule kazi hiyo si ya wanaume, na vijana njiani walimcheka. Tuliporudi alikaa kimya mpaka akamaliza kikombe cha pili cha maji. Kisha alimwita kijana wake, akamwagiza atenge mbuzi wawili wa kupeleka mnadani.

Mama mwenzetu, huenda nyumbani kwako hakuna punda. Lakini kipo kitu kinachokupunguzia mzigo: toroli, baiskeli, tangi la maji ya mvua, cherehani. Shida inapoingia, kitu cha namna hiyo huwa rahisi kuuzwa, kwa sababu mzigo uliokuwa ukibebwa nacho hakuna anayeuona ila wewe. Tusingoje kiuzwe ndipo tulalamike. Tuwaonyeshe waume zetu mzigo huo kwa upole, na ikiwezekana waubebe hata siku moja. Wana wetu wa kiume nao wachote maji wangali wadogo, ili wakioa wasihitaji kufundishwa.

Na wewe mwenye punda, mnyweshe kabla ya kumpakia, tibu vidonda vyake, na mwenye mimba umpunguzie kazi. Torati inatuagiza tumsaidie hata punda wa adui aliyelala chini ya mzigo wake. Basi, si zaidi punda wa nyumbani? Na mama wa nyumbani je?