Bidoni zangu tatu za mawese na rubani aliyesema hapana

Leo siwaletei habari ya kosa la mtu mwingine. Leo nawaletea kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Shabunda kwa kazi ya habari. Anayeijua Shabunda anajua shida yake. Barabara ya kutoka Bukavu imekufa, pikipiki inahangaika porini siku nyingi, na mvua ikinyesha hata pikipiki inakwama. Kwa hiyo chumvi, sabuni, madaftari ya shule, hata mabati ya kanisa, vilikuwa vinafika kwa ndege ndogo. Zikirudi Bukavu zilikuwa zinabeba kasiterite, mawese na watu waliobanwa kati ya magunia. Kule ndege haikuwa kitu cha matajiri. Ndiyo iliyokuwa taksi yetu.

Jioni ya siku ya tatu nikapata simu: mjomba wangu, aliyenilipia masomo, amefariki Bukavu. Maziko yalipangwa kesho kutwa asubuhi. Nikapata nafasi kwenye ndege ya kesho yake. Mama mkubwa, anayeishi Shabunda, akanipa bidoni tatu za mawese za kupikia watu wa kilio. Bidoni moja ni litre 20, uzito wake kama kilo 18.

Kwenye ajansi waliniambia mizigo imejaa. Sikubishana nao. Nilimvuta pembeni kijana mmoja wa wabebaji, nikamtia dola 10 mkononi. “Yaya, usijali, nitaziweka nyuma kabisa,” akanijibu. Bidoni zangu hazikupita kwenye mizani wala hazikuandikwa kwenye orodha.

Rubani alikuwa mzee mfupi, mpole, mwenye mvi. Aliizunguka ndege yake polepole, akashika magurudumu, akapima mafuta, kisha akasimama pembeni akiangalia jinsi mkia ulivyoinama. Akafungua mlango wa nyuma na kuanza kuhesabu mizigo, karatasi mkononi.

“Hizi bidoni ni za nani?”

Kijana alinyamaza. Na mimi nilinyamaza.

Akaamuru bidoni zishushwe. Kisha akasema kwamba kama kitu kimoja kimepita bila kuandikwa, yeye haiamini tena orodha nzima. Kila gunia likashushwa na kupimwa upya. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa nzima. Ilipomalizika, mawingu yalikuwa yamefunika upande wa Kahuzi. Aliongea na Kavumu kwa redio, akasikiliza, akatoa vifaa vya masikio, akatuambia: “Leo haturuki. Kesho asubuhi.”

Mngesikia kelele! Mama mmoja alisema samaki wake wataoza. Mwingine akasema huyu mzee ni mwoga, wenzake wanaruka kila siku. Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote: “Papa Komanda, niko na kilio Bukavu! Utusaidie!”

Akanitazama. “Pole sana, mwanangu. Lakini mlima haujui kilio.”

Tuliruka asubuhi yake mbingu ikiwa nyeupe. Nilipofika makaburini, udongo ulikuwa umekwisha kufukiwa. Usiku ule nilianza kuandika habari kali juu ya rubani asiyejali raia. Sikuimaliza, kwa sababu kila nilipofika kwenye mstari wa “tulichelewa kwa sababu ya...”, kalamu ilikwama. Tulichelewa kwa sababu ya bidoni zangu. Bila hizo, tungeruka kabla ya mawingu.

Kilo 54 ni kitu gani?

Baadaye nilimwendea mzee mmoja aliyefanya kazi ya ufundi wa ndege maisha yake yote. Nikamuuliza kama kweli bidoni tatu zinaweza kuangusha ndege. Akacheka. “Bidoni tatu peke yake, pengine hapana. Lakini unafikiri ni wewe peke yako uliyetoa dola 10?”

Akanieleza mambo ambayo kila abiria wa inchi hii angepaswa kuyajua. Ndege ndogo ni kama mtumbwi: si uzito tu unaohesabiwa, ni pia mahali uzito ulipokaa. Ukijaza sana nyuma, pua inapanda, mwendo unapungua, na rubani anaweza kushindwa kuirudisha. Jua likiwa kali hewa inakuwa nyepesi, na ndege inahitaji kiwanja kirefu zaidi ili ipae. Kiwanja cha udongo uliolowa nacho kinaivuta magurudumu. Halafu sisi wa Kivu ya Kusini tuna milima. Kahuzi peke yake inafika metre 3308. Ndege nzito inapanda polepole, na mlima wenyewe umejificha ndani ya mawingu.

Si maneno ya kutisha watoto. Tarehe 1 Septemba 2008, ndege iliyokuwa ikija Bukavu na wafanyakazi wa misaada iligonga mlima si mbali na Kavumu. Watu wote 17 walikufa.

Kuhusu uzito, Kinshasa haitasahau tarehe 8 Januari 1996. Antonov iliyojazwa kupita kiasi ilishindwa kupaa N'Dolo, ikapita mwisho wa kiwanja na kuingia ndani ya soko la Simbazikita. Zaidi ya watu 200 walikufa, na karibu wote walikuwa watu wa sokoni ambao hawakuwa na safari yoyote siku ile.

Halafu kuna Bandundu, tarehe 25 Agosti 2010. Ndege ya aina ya Let L-410 ilianguka ikikaribia kutua. Kati ya watu 21, alipona mmoja tu. Mtu huyo alieleza kwamba abiria mmoja alikuwa ameficha mamba ndani ya mfuko. Mamba akatoka, watu wakakimbilia mbele kwa hofu, ndege ikapoteza usawa. Dunia nzima ilicheka habari ya mamba. Mimi sikuweza kucheka. Mfuko ule ulipita mbele ya macho ya watu kabla ya kuingia ndani ya ndege, kama bidoni zangu.

Uchunguzi si polisi

Swali linalonisumbua ni hili: kama siku ile tungeanguka, nani angejua?

Mimi ningekuwa nimekufa. Rubani pia. Orodha ingeonyesha uzito mzuri, kwa sababu bidoni zangu hazikuandikwa. Aliyejua ukweli ni yule kijana, naye angekimbia porini siku hiyo hiyo, kwa kuwa kwetu mtu anayesema “mimi nilijua” ndiye anayefungwa kwanza. Redio zingetangaza “hitilafu ya mitambo” au “hali mbaya ya hewa”. Mtaani wangesema ni uchawi. Kanisani wangesema Mungu alipanga. Na kesho yake kijana mwingine angepokea dola 10 nyingine.

Hapa ndipo wengi hatuelewi uchunguzi wa ajali ni nini. Inchi zilizojiunga na Mkataba wa Chicago wa 1944, na yetu ni mojawapo, zinafuata sheria moja iliyo katika Kiambatisho cha 13. Sheria hiyo inasema lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Kazi ya mahakama inabaki kwa mahakama. Mchunguzi anauliza: kipi kilitangulia, kipi kikafuata, na ni wapi mnyororo ungeweza kukatwa? Kwa kawaida hapati sababu moja. Anakuta gurudumu bovu, haraka ya rubani, mvua, orodha ya uongo, na bosi aliyesema “nenda tu”.

Tuna mfano. Tarehe 4 Aprili 2011 ndege ya Umoja wa Mataifa ilianguka Kinshasa wakati wa dhoruba, watu 32 wakafa na mmoja akapona. Tume ya inchi yetu ilichunguza, na ripoti ikaeleza habari ya upepo mkali karibu na ardhi na jinsi marubani walivyopima vibaya hatari ya hali ya hewa. Rubani anayesoma ripoti kama hiyo anajifunza kwa wenzake bila yeye kufa.

Lakini ndege ndogo za porini, ni nani amewahi kusikia ripoti yake ikisomwa kwenye redio ya Shabunda au Walikale? Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo iliyokuwa ikielekea Beni iliangukia nyumba za watu Goma, zaidi ya watu 25 wakafa. Hata mimi niliye mwandishi, niliyoyasikia mtaani miezi iliyofuata yalikuwa uvumi mtupu. Kampuni zetu ziko kwenye orodha ya zilizokatazwa kuruka Ulaya tangu 2006, nasi tunalalamika kwamba Wazungu wanatudharau. Mimi nauliza kwanza: sisi wenyewe tunajiheshimu?

Ombi langu

Kwa wakubwa wa usafiri wa ndege: chunguzeni hata ajali isiyoua mtu, mtoe matokeo kwa Kiswahili na Lingala, ili mbebaji na muuza samaki nao waelewe. Na mlindeni yule anayekuja mwenyewe kusema alichokiona.

Kwa marubani: nidhamu yenu haionekani hewani. Inaonekana chini, mbele ya watu wanaopiga kelele na bosi anayepiga simu. Neno “hapana” ni sehemu ya kazi yenu.

Kwa sisi abiria: mizani si adui. Na rubani akisema leo haturuki, tumshukuru.

Mwaka uliofuata nilimkuta yule mzee Kavumu, amekaa chini ya bawa la ndege akila mkate. Nikamsalimia, nikamwambia: “Papa, zile bidoni zilikuwa zangu. Samahani.”

Hakushangaa. “Nilijua,” akasema. “Mikono yako ilikuwa myekundu kwa mawese.”

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja mbele ya wote. Akasema: “Ningekutaja, wangekupiga, na kesho wangezificha vizuri zaidi. Mimi nilitaka zishuke tu.” Akamega mkate, akanipa kipande. “Wewe si mwandishi? Basi uandike.”

Nimechelewa, Papa Komanda. Lakini nimeandika.