Ukija Kufundisha Watoto Wetu

Mitole, Kilwa

Mjukuu wangu Zuhura, mke mwenzangu,

Ujumbe wako nimeupata kwenye simu ya mjomba wako, nikausoma mwenyewe kwa miwani yangu. Nimefurahi kwamba huko Reading, Uingereza, umewawaza watoto wadogo wa huku kwetu. Unasema mna wiki tatu za Juni, wewe na rafiki zako wawili, mje mfundishe darasa la awali na kulipaka rangi. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu watoto hawa ndio kazi yangu ya umri mzima.

Juni msije. Shule zinafungwa mwanzoni mwa mwezi huo mpaka Julai, na huo ndio wakati wa ufuta. Wazazi wengi wamehamia mashambani, wanakata, wanafunga matita, wanakung'uta na kupeleka ghalani kusubiri mnada. Watoto wadogo wanakwenda nao. Mtapaka rangi darasa tupu. Masika nayo iacheni: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam ilikatika pale Somanga, abiria wakakwama njiani.

Hayo ya safari ni mepesi. La mtoto ndilo zito.

Mtoto wa miaka mitano anayetoka shambani anakuja shuleni na Kingindo au Kimatumbi chake. Anakaa kwenye mkeka, haongei. Mwingine hunyamaza hivyo wiki baada ya wiki. Mwalimu anayejua kazi hamlazimishi. Anampa kopo la visoda awagawie wenzake, kila mmoja kimoja, kesho tena, keshokutwa tena. Siku moja unaona midomo inacheza: moja, mbili, tatu. Bado hasikiki. Mwalimu anajifanya hajaona. Baadaye sauti inatoka, na ikishatoka hairudi ndani. Kazi hiyo inataka sura ile ile kila asubuhi.

Nimeona kituo kimoja cha watoto, mbali na hapa, kilichokuwa kinapokea wageni wa wiki mbili mbili. Palikuwa na mvulana aliyemzoea mgeni mmoja, akawa hamwachi mkono. Mgeni akaondoka. Mtoto akawa anasimama mlangoni kila asubuhi, saa ile ile gari lilipokuwa likifika. Lilipokuja kundi jingine akamkimbilia mtu wa kwanza kushuka, hajui ni nani, akampanda mapajani. Watu wakasema, tazameni anavyopenda wageni. Mimi niliona mtoto asiyechagua tena wa kumwamini, na jambo hilo linaniumiza mpaka leo.

Sikukatazi kuja. Nataka ujue kwamba wanaojitolea wapo tayari, ni mabinti na vijana wa vijijini humu. Wamemaliza kidato cha nne, wanaingia darasani bila mshahara, wazazi wanachanga kidogo ufuta ukishauzwa. Mchango ukiisha, binti anarudi kwenye jembe, na watoto wanaanza upya na mtu mwingine. Sera ya elimu ya 2014 imeifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, na tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada, jambo jema kabisa. Lakini mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Darasa linapojaa kupita hapo, ndipo mabinti hawa wanapobeba mzigo.

Nawaamini kwa sababu nami nilianzia huko. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi ilitaka kila mtoto aingie shule, walimu hawakutosha, tukachukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba, tukajifunza ualimu huku tunafundisha. Hata mradi wa elimu wa EQUIP-Tanzania, uliolipiwa na Uingereza mnakoishi, ulipofika mkoani Lindi uliwatumia watu wa vijiji wenyewe kuwaandaa watoto kwa darasa la kwanza. Watu wa kijiji hawaondoki mradi unapokwisha.

Basi, mama, njoo peke yako, Julai, na ukae mpaka shule zifungwe tena. Nauli za hao rafiki zako, kama wako radhi, zipitie kamati ya shule ziwe posho ya mwalimu wa kujitolea; hata nauli moja itambakiza darasani miezi mingi. Wewe kaa nyuma ya mkeka. Kata maboksi, tengeneza kadi za herufi, panga kona za kujifunzia, koroga uji zamu yako ikifika. Mwalimu akikuomba uimbishe, imbisha. Usiwaanzishie Kiingereza, Kiswahili chako kinatosha, na watoto wenyewe ndio kwanza wanakiingia. Wakikuuliza utaondoka lini, waambie kweli, na siku ikikaribia uwaage mmoja mmoja.

Kuhusu karatasi: kwa kuwa una pasipoti ya Uingereza, viza ya matembezi haikuruhusu kufanya kazi, hata ya bure. Anayejitolea huombewa kibali cha ukaazi daraja C na taasisi inayompokea, kwa hiyo tuanze mapema. Picha za watoto usizirushe mtandaoni kuombea michango. Tuna Sheria ya Mtoto ya 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini kabla ya sheria kuna mama wa mtoto, jirani yangu, ambaye hataki mwanawe aonekane mchafu mbele ya dunia wakati kila asubuhi anamwogesha.

Nijibu kama utaweza kukaa muda huo, nikamwone mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji kabla shule hazijafungwa. Ukifika Nangurukuru shuka hapo, mjomba wako atakusubiri. Viatu vya wazi vitakufaa, na usisahau dawa yako ya pumu. Msalimie baba yako, mwambie mkorosho wake umezaa.

Bibi yako